Mwendo wa roboti chuoni: mkono wa viungo viwili utakufikisha mbali

Swali: "Habari mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa mekatroniki. Muhula ujao tunaanza somo la mekanika na mwendo wa roboti. Walionitangulia wanasema ni matriksi kuanzia wiki ya kwanza hadi mtihani, na wengi hulirudia. Dainamiki ya mwaka wa pili niliipita kwa shida. Roboti ya maabara ni moja na darasa letu ni kubwa, kwa hivyo sidhani nitaigusa sana. Nilisomeje somo hili? Je, ninunue vifaa vya kujitengenezea mkono wa roboti, au nianze na kigari cha magurudumu kwa kuwa ni rahisi zaidi?" Msomaji, Kasarani, Nairobi.

Habari yako pia. Wenzako hawajakudanganya kuhusu matriksi, ila hawajakuonyesha ugumu wenyewe uko wapi. Mwanafunzi anayeanguka somo hili kwa kawaida haangushwi na hesabu za juu. Huangushwa na mambo matatu madogo: kutojua nambari aliyoandika imepimwa kutoka fremu ipi, yaani mihimili ipi ya x, y na z, kukosea alama ya kujumlisha na kutoa, na kuchanganya vipimo, yaani nyuzi na radiani, sentimita na mita. Kosa la namna hiyo likiingia ukurasa wa kwanza, ukurasa wa nne unaonekana kama hesabu ngumu isiyotatulika, kumbe ni alama moja iliyogeuka.

Kwa hivyo nakushauri hivi: chukua mkono mmoja wa viungo viwili, bega na kiwiko, unaocheza kwenye ubao bapa, na uutumie huo huo kwa kila mada ya muhula mzima. Mahali, kasi, nguvu na mwendo vyote vimo ndani yake, na kila jibu utakalolipata unaweza kulihakiki kwa rula na kipima pembe. Mkono wa viungo sita una mada zile zile, tofauti ni kwamba kosa hujificha humo na huna njia ya kulitafuta kwa macho. Usiuguse wa sita kabla hujaumaliza wa viwili.

Kabla muhula haujaanza, wiki mbili hivi zinatosha kurudia mambo manne: kuzidisha matriksi za 3 kwa 3 kwa mkono, sin na cos za jumla ya pembe mbili, kukokotoa kiwango cha mabadiliko kwa wakati cha kitu kama cos ya pembe inayobadilika, na kupata momenti ya uzito kuhusu nukta. Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau. Kiwango cha mabadiliko cha cos θ si −sin θ peke yake. Kinazidishwa na kasi ya θ. Ukiidondosha hiyo kasi, mada ya kasi na ya dainamiki zote mbili zitakupotea.

Tuanze na fremu. Matriksi ya mzunguko ya 3 kwa 3 usiikariri kama jedwali la sin na cos. Safu wima yake ya kwanza ni mhimili wa x wa fremu mpya ukielezwa kwa vipimo vya fremu ya zamani. Ya pili ni y, ya tatu ni z. Ukilielewa hilo unaweza kuiandika matriksi kwa kutazama mchoro tu. Na ukishaiandika, ikague: kila safu iwe na urefu wa 1, safu zikutane kwa nyuzi 90 zenyewe kwa zenyewe, na deteminanti iwe +1. Ukipata −1, umechora fremu ya mkono wa kushoto. Kinyume cha matriksi hii ni kuigeuza tu, safu wima ziwe safu mlalo. Lakini hapa pana mtego: ile ya 4 kwa 4, inayobeba mzunguko pamoja na mahali, haigeuzwi hivyo. Sehemu ya mzunguko, R, unaigeuza iwe Rᵀ, na ile ya mahali, p, inakuwa −Rᵀp. Karatasi nyingi za mtihani hupoteza alama hapo.

Chukua kiberiti, uweke alama ya kalamu kwenye nyuso tatu. Kizungushe nyuzi 90 kuhusu mhimili wa z wa meza, kisha nyuzi 90 kuhusu x wa meza. Kirudishe mwanzo, ubadilishe mpangilio. Kitalala tofauti. Sasa fanya tena ukizungusha kuhusu mihimili ya kiberiti chenyewe, sio ya meza. Mizunguko kuhusu mihimili isiyosogea unaizidisha kutoka kushoto. Ile inayohusu mihimili ya kitu chenyewe unaizidisha kutoka kulia. Andika matriksi zote nne, uone kama zinakubaliana na kiberiti kilicho mkononi. Zoezi hili ni la nusu saa, nalo litakuokoa muhula mzima. Jizoeze pia kuandika namba za fremu kwenye kila matriksi: 0 hadi 1, 1 hadi 2, 2 hadi 3. Namba zinazopakana zikiwa sawa, kuzidisha kuna maana. Zisipokuwa sawa, simama hapo hapo.

Sasa mkono wenyewe. Tuseme kipande cha kwanza, kutoka bega hadi kiwiko, ni sentimita 20, na cha pili, kutoka kiwiko hadi ncha, ni sentimita 15. Pembe ya bega, θ1, inapimwa kutoka mhimili wa x wa ubao. Pembe ya kiwiko, θ2, inapimwa kutoka pale kipande cha kwanza kilipoelekea, sio kutoka kwa ubao. Ncha iko x = 20 cos θ1 + 15 cos(θ1 + θ2), na y = 20 sin θ1 + 15 sin(θ1 + θ2). Huko ni kutoka pembe kwenda mahali, na ni rahisi.

Kurudi nyuma, kutoka mahali kwenda pembe, ndiko kunakofundisha. Tuseme unataka ncha ifike x = 25, y = 10. Kanuni ya kosaini inakupa cos θ2 = (x² + y² − 20² − 15²) ÷ (2 × 20 × 15). Juu ni 625 + 100 − 625, yaani 100. Chini ni 600. Kwa hivyo cos θ2 ni 0.1667 na θ2 ni nyuzi 80.4. Lakini pia ni −80.4, kwa sababu cos haijali alama. Bega linapatikana kwa kutoa pembe mbili: ile ya mstari wa kwenda kwenye nukta, nyuzi 21.8, na ile inayosababishwa na kukunja kiwiko, ambayo tangenti yake ni 15 sin θ2 ÷ (20 + 15 cos θ2), nayo ni nyuzi 33.3. Ukikunja upande mmoja θ1 ni −11.5, ukikunja upande wa pili ni 55.1. Majibu mawili, yote sahihi. Yarudishe kwenye milinganyo ya kwanza; usipopata 25 na 10 kwa yote mawili, kuna alama umeikosea. Kisha yachore yote kwenye karatasi ya grafu.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza ni kutumia arktangenti ya kawaida kwenye programu, ambayo haitofautishi nukta iliyo mbele na iliyo nyuma. Tumia atan2, na uangalie inataka y kwanza kisha x. La pili ni nukta isiyofikika. Mkono huu unafika umbali wa sentimita 35 ukinyooka na hauwezi kusogea karibu zaidi ya sentimita 5 kutoka begani. Nje ya hapo cos θ2 inazidi 1 au inashuka chini ya −1, na programu inakupa kosa au neno "nan", yaani si nambari. Iwekee ukaguzi kabla ya kukokotoa. La tatu huonekana pale tu unapoiendesha: programu inachagua jibu la kiwiko juu kwa nukta moja na la kiwiko chini kwa nukta inayofuata, na mkono unajirusha kwa nguvu katikati ya safari. Chagua daima jibu lililo karibu zaidi na pembe za sasa.

Mkishafika mkono wa viungo vingi, mtatumia njia ya Denavit na Hartenberg, ya 1955, inayoeleza kila kiungo kwa nambari nne: urefu a, msokoto α, mpando d (umbali kando ya mhimili wa kiungo) na pembe θ. Ni njia nzuri, ila zipo mbili zinazoitwa jina hilo hilo: ya asili, na iliyorekebishwa ambamo fremu inakaa mwanzo wa kipande badala ya mwisho. Jedwali la moja ukiliingiza kwenye matriksi ya nyingine, jibu hutoka na linaonekana la maana, lakini si kweli. Muulize mhadhiri wiki ya kwanza anatumia ipi, uiandike kwenye jalada la daftari, na ukichukua mfano wa mtandaoni, hakiki ni wa njia ipi kabla ya kunakili hata mstari mmoja.

Kasi. Ukikokotoa kiwango cha mabadiliko cha x na y, unapata matriksi ya Jacobi, inayogeuza kasi za viungo kuwa kasi ya ncha. Deteminanti yake kwa mkono wetu ni 20 × 15 × sin θ2. Itazame vizuri: θ1 haimo. Bega lielekee popote, uwezo wa mkono kusogea kila upande unategemea kiwiko peke yake, na kiwiko kikinyooka, deteminanti ni sifuri. Hiyo ndiyo inayoitwa singulariti, na watu wengi hukariri jina lake bila kuona inafanya nini. Tuseme unataka kuivuta ncha moja kwa moja kuelekea begani kwa sentimita 5 kwa sekunde. Kiwiko kikiwa nyuzi 80.4 kama hapo juu, kinatakiwa kuzunguka nyuzi 26 kwa sekunde. Hilo si tatizo. Mkono ukiwa karibu kunyooka, kiwiko nyuzi 5, safari ile ile kwa mwendo ule ule inadai nyuzi 383 kwa sekunde. Sevo, yaani mota ndogo inayoagizwa pembe ya kusimamia, ya aina ya MG996R, ambayo wanafunzi wengi hununua, hutangazwa kuwa inamaliza nyuzi 60 kwa sekunde 0.17 bila mzigo kwa volti 4.8, yaani kama nyuzi 350 kwa sekunde. Haiwezi. Na roboti ya kiwandani ikikaribia hali hiyo mara nyingi husimama yenyewe na kutoa onyo. Kokotoa namba hizo mwenyewe, kisha chora grafu ya kasi ya kiwiko dhidi ya pembe kutoka nyuzi 90 hadi 2. Hutaihitaji tena tafsiri ya singulariti.

Matriksi hiyo hiyo, ikigeuzwa safu kuwa mlalo, hubadilisha nguvu iliyo kwenye ncha kuwa nguvu ya kuzungusha kwenye viungo, yaani toki. Hiyo ni mada fupi na ya alama za bure, usiipite.

Sasa usimamishe mkono wima ili ubebe uzito wake, maana hapa ndipo pesa za wanafunzi hupotelea. Tuseme kipande cha kwanza ni gramu 80, mota ya kiwiko gramu 55, kipande cha pili gramu 60, na kishikio pamoja na mzigo ni gramu 150. Mkono ukinyooka mlalo, hiyo ndiyo hali mbaya zaidi kwa bega. Kipande cha kwanza kina kitovu cha uzito sentimita 10 kutoka begani: 0.08 × 10 ni 0.8. Mota ya kiwiko: 0.055 × 20 ni 1.1. Kipande cha pili, kitovu kikiwa sentimita 27.5: 1.65. Mzigo wa mwisho: 0.15 × 35 ni 5.25. Jumla ni 8.8 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita, kinachoandikwa kwenye sevo, sawa na niutoni mita 0.86.

MG996R hutangazwa kuwa na 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Mtu anaona 9.4 ni kubwa kuliko 8.8, anainunua, na mkono unatetemeka, unapata moto na kushuka. Sababu ni kwamba nambari iliyotangazwa ni ya mota iliyokwama, isiyozunguka kabisa, ikila mkondo wote inayoweza kula. Hapo haina kitu cha ziada cha kuongeza kasi wala cha kukaa dakika kumi. Panga kutumia nusu ya nambari hiyo au chini yake. Kwa mkono huu, bega linataka sevo ya 20 hadi 25; kiwiko kinaweza kubaki na ile ndogo. Au punguza mzigo: ule wa mwisho peke yake ni zaidi ya nusu ya jumla, kwa sababu uko mbali.

Ukienda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue kununua, usiamini kibandiko. Ukifika nyumbani funga sevo kwenye meza, iwekee mkono wa sentimita 10, na uning'inize chupa ya plastiki yenye nusu lita ya maji. Hiyo ni 5 kwa kipimo kile kile, chupa yenyewe haina uzito wa kutaja. Sevo inayodai 9 na haiwezi kuinua chupa hiyo ni bandia, irudishe mapema. Angalia pia meno ya shina. Shina la meno 25 linakubali mkono wa plastiki kila nyuzi 14.4 tu, kwa hivyo sifuri ya sevo na sifuri ya mchoro wako zinaweza kutofautiana hadi nyuzi 7.2. Kwa urefu wa sentimita 35 hiyo ni sentimita 4.4 kwenye ncha. Pima tofauti hiyo kwa kila kiungo na uijumlishe kwenye programu. Usijaribu kuiondoa kwa kulazimisha skrubu.

Umeme nao. MG996R ikikwama hutangazwa kula ampea 2.5 kwa volti 6. Ukizichomeka sevo mbili kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, ile kadi ndogo inayoziongoza, kadi itajizima na kuwaka upya kila bega linapoinuka, nawe utakesha ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Zipe sevo chanzo chao cha umeme cha volti 6 kinachoweza kutoa jumla ya ampea za kukwama, weka kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu nazo ukiangalia upande wa hasi, na uunganishe waya wa hasi wa chanzo hicho na ule wa kadi. Bila muunganisho huo, sevo hupokea ishara isiyo na marejeo na hucheza ovyo.

Tufike dainamiki, unayoiogopa. Anza na kipande kimoja tu kinachoning'inia. Toboa tundu kwenye ncha ya ubapa wa plaiwudi wa sentimita 20, kiwe chembamba na sawa urefu wote, ukitundike kwenye msumari laini. Mlinganyo wa mwendo wake unasema mbembeo mdogo huchukua sekunde 2π√(2L ÷ 3g), L ikiwa urefu na g mchapuko wa mvutano wa dunia, ambayo kwa sentimita 20 ni 0.73. Hesabu mibembeo 20 kwa saa ya simu: itakaribia sekunde 14.6, au chini kidogo kwa kuwa tundu halikai kwenye ukingo kabisa. Ukipata sekunde 18 kwenye karatasi, ulitumia fomula ya kamba yenye jiwe mwishoni, ambayo uzito wote uko kwenye ncha. Tofauti hiyo ndiyo maana ya inesha, yaani jinsi kitu kinavyokataa kuzungushwa, na umeipima.

Kisha iandike programu ya kubembea huko, bila msuguano, na uchapishe nishati ya mwendo pamoja na nishati ya kimo katika kila hatua. Jumla haipaswi kubadilika. Ikiwa inapanda polepole, huenda mlinganyo wako ni sahihi ila umetumia njia rahisi ya Euler ya kusonga hatua kwa hatua, ambayo huongeza nishati yenyewe. Tumia njia sahihi zaidi, Runge-Kutta ya daraja la nne, au punguza hatua uone kama kupanda kunapungua. Ikiwa jumla inapanda na kushuka kwa kiasi kikubwa hata kwa hatua ndogo sana, hapo mlinganyo ndio una kosa. Ukaguzi huu wa nishati utautumia hadi mwaka wa tano.

Kwa viungo viwili, njia ya Lagrange ndiyo rafiki wa mtihani: andika nishati ya mwendo, andika nishati ya kimo, na ufuate hatua bila kuchora nguvu za ndani. Njia ya pili, Newton-Euler, ni ya kompyuta, kwa sababu hupita kipande kwa kipande na ina kasi zaidi kwa viungo vingi. Kosa la kawaida kwa Lagrange ni kuandika kasi ya kitovu cha kipande cha pili kana kwamba bega halisogei. Andika kwanza x na y ya kitovu hicho kutoka begani, kisha ukokotoe kiwango cha mabadiliko, ndipo upige mraba. Ukimaliza, angalia matriksi ya inesha: iwe sawa pande zote mbili za ulalo, na kiwiko kikinyooka, kipengele cha kwanza kiwe kikubwa kuliko kikiwa kimekunjwa. Kama sivyo, rudi.

Mtu anaweza kuuliza haya yote ni ya nini ikiwa uzito tayari tumeukokotoa. Rudi kwenye mkono wetu ulionyooka mlalo. Inesha yake kuhusu bega ni kama kilogramu mita mraba 0.026. Tuseme unauinua nyuzi 90 kwa sekunde 1 ukitumia njia laini ya polinomia ya daraja la tatu, inayoanza na kumaliza kwa kasi sifuri. Mchapuko wake mkubwa ni mara 6 ya pembe ukigawa kwa mraba wa muda: radiani 9.4 kwa sekunde mraba. Hiyo inaongeza toki ya 2.5 juu ya ile 8.8. Sasa punguza muda uwe nusu sekunde. Mchapuko unakuwa mara nne, na nyongeza inafika 10, zaidi ya uzito wenyewe. Jumla ni karibu 19. Sevo ya 20 iliyotosha vizuri jana leo haina pumzi. Ndiyo maana mkono unaofanya kazi vizuri polepole huanza kuruka na kupitiliza ukiharakishwa, na hakuna marekebisho ya programu yatakayoondoa hilo bila kugusa muda, mzigo au mota.

Kwa simulesheni huhitaji leseni. Python yenye numpy na sympy inatosha kwa muhula mzima, na Octave hufungua kazi nyingi za MATLAB. MuJoCo, programu ya kuigiza mwendo wa roboti, imekuwa ya chanzo huria tangu 2022 na haihitaji kompyuta kubwa kwa mkono mdogo. ROS 2, mfumo wa kuunganisha programu za roboti, iache hadi baada ya mtihani. Ni zana ya mradi, na kuisakinisha kunaweza kumeza wiki mbili ambazo ungezitumia kuelewa matriksi ya Jacobi. Utakapoifikia, kumbuka inatumia mita na radiani, na mpangilio wa kwatenioni yake, yaani nambari nne zinazoeleza mzunguko, ni x, y, z, w, wakati MATLAB huanza na w. Na ukiandika faili ya maelezo ya roboti, usiache inesha ya kila kipande ikiwa 1.0 kwa sababu mfano ulikuwa hivyo. Kipande chetu cha kwanza, gramu 80 na sentimita 20 kwa 3, kina inesha ya kama 0.00027 kuhusu kitovu chake. Ukiweka 1.0 umekizidisha zaidi ya mara 3,600, na mkono utaburuta au kurukaruka kwenye skrini bila sababu unayoiona.

Kuhusu kigari cha magurudumu: ni kizuri, lakini hakichukui nafasi ya mkono. Kinafundisha jambo jingine, yaani jinsi kosa dogo linavyolimbikizana. Gurudumu la kushoto likiwa na kipenyo cha milimita 65 na la kulia 66, na umbali kati yao milimita 150, kigari kinachodhani kinaenda moja kwa moja hupinda karibu nyuzi 6 kwa kila mita. Mkono haufanyi hivyo. Kosa lake halikui kwa kurudia safari. Mtihani wako utauliza kuhusu mkono, kwa hivyo pesa zikiwa kidogo, nunua sevo mbili, plaiwudi na chanzo cha umeme, ukiache kigari. Vipande vinaweza kukatwa kwa leza katika karakana ya FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi au ile ya Gearbox, na kama unataka vibano vya bati, mafundi wa jua kali pale Kamukunji wataviweka sawa ukiwapelekea mchoro wenye vipimo vya milimita.

Na dakika chache utakazopata na roboti ya maabara, usizitumie kuitazama ikipunga mkono. Nenda na jedwali lako la Denavit na Hartenberg la roboti hiyo, ulilolitoa kwenye mwongozo wake, likiwa tayari kwenye programu. Omba isogezwe kwenye hali tano tofauti, mwendo wa taratibu, mtu akiwa karibu na kitufe chekundu cha kuzima. Kila hali andika pembe za viungo na mahali pa ncha kama skrini inavyoonyesha. Ukirudi, ingiza pembe kwenye programu yako na ulinganishe. Tofauti ikiwa ile ile katika hali zote tano ukiipima kwenye fremu ya ncha, umesahau urefu wa kifaa kilichofungwa mwishoni. Tofauti ikiwa kiungo kimoja kinazunguka kinyume, mtengenezaji amechagua upande mwingine wa chanya. Tofauti ikiwa inabadilika ovyo, angalia kama umechanganya njia mbili za jedwali, na kama kompyuta yako inasoma nyuzi mahali inapotarajia radiani.